Kutoka Doa la Dari hadi Kitasa Kilichokwaruzwa: Utatuzi wa Matatizo ya Nyumba Mwanza

Nimesimamia nyumba za kupangisha katika mitaa ya Kitangiri, Mabatini na Mkolani kwa miaka kadhaa, na jambo nililochelewa kulielewa ni kwamba daftari la matengenezo na daftari la wizi yanapaswa kuwa daftari moja. Mvunja nyumba ni nadra kuhangaika na mahali pazima. Hupita palipokwisha kulegea: fremu iliyoliwa na mchwa, grili iliyoshika kutu miguuni, bati lililoachia misumari, taa ya nje iliyoungua tangu mwezi uliopita na hakuna aliyeibadilisha. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na dalili anayoiona mwenye nyumba au mpangaji, kisha unarudi nyuma hadi kwenye chanzo, bila kutenga uharibifu wa maji na uharibifu wa mtaimbo.

Mwanza ina ugumu wake. Nyumba nyingi zimepandana kwenye vilima vya mawe, hata ua wa jirani wa juu ukawa usawa wa paa la jirani wa chini. Maji ya mvua hushuka kwa kasi kati ya majabali, na jabali lenyewe likikaa karibu na uzio huwa ngazi ambayo mwizi hakuhitaji kuja nayo. Mvua za vuli huanza Oktoba, za masika huendelea hadi Mei, na miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo nafasi ya kukarabati, ingawa wengi wetu humkumbuka fundi siku maji yanapodondokea kitandani.

Dari lina doa au linadondosha maji

Kosa la kawaida ni kupanda juu ya paa na kupaka lami pale palipo sawa na doa. Maji yanayopenya kwenye tundu la msumari hufuata papi (mbao zinazoshika bati), hushuka na kenchi (mbao zinazobeba paa), na yanaweza kudondoka mita mbili au tatu mbali na yalipoingilia. Ingia darini mchana, uache macho yazoee giza kabla ya kuwasha tochi, kisha utafute vitundu vinavyopitisha mwanga. Baada ya hapo washa tochi ufuate michirizi ya maji kwenye mbao ukipanda kuelekea kofia ya paa. Usipoona tundu lolote, mtu mmoja abaki darini na mwingine amwagie paa maji kwa mpira, akianzia chini na kupanda taratibu, akikaa kila sehemu kwa dakika kumi hivi. Ukianzia juu, maji yatatambaa paa lote na hutajua yalipenyea wapi.

Chanzo huwa kimojawapo kati ya vichache. Kipira kilicho chini ya kichwa cha msumari hukauka na kupasuka kwa jua; karatasi za bati huwa zimepishana kidogo mno mwishoni, chini ya sentimita 15; au gata la mahali paa mbili zinapokutana limejaa majani ya mwembe na maji yamepanda hadi yakaingia kwa nyuma. Msumari ulioachia haufai kugongwa tena katika tundu lile lile, kwa sababu ubao umekwisha kupanuka. Ung'olewe, na mahali pake pawekwe skrubu ya bati iliyo nene na ndefu zaidi yenye kipira kipya.

Kuna chanzo cha nne ambacho sikukifahamu hadi kiliponigharimu. Katika nyumba moja ya Kitangiri, mpangaji alilalamika kwamba stoo inavuja. Nilipeleka fundi, akapaka lami. Mvua ya pili stoo ikavuja tena, tukapaka tena, na mara ya tatu vivyo hivyo. Mara ya nne nilipanda mwenyewe asubuhi, jua likiwa bado chini upande wa Nyakato, na mwanga ule wa ubavuni ukanionyesha kile ambacho jua la adhuhuri lilikificha: bati lilikuwa limebonyea katika hatua mbili za mguu, na misumari mitatu ya ukingoni ilikuwa imeinama kuelekea juu, jambo ambalo upepo haufanyi kwa msumari mmoja mmoja. Nyuma ya nyumba kulikuwa na jabali ambalo kilele chake hakikufika mita moja na nusu kutoka ukingo wa paa. Kwa miezi mitatu nilikuwa naziba tundu ambalo mtu alikuwa akilifungua usiku, akijaribu uzito wake na uimara wa mbao kabla ya kufanya kazi yenyewe. Tangu hapo, bati linalovuja mara mbili mahali pamoja nalikagua kama mlango.

Palipo na jabali au ukuta wa jirani unaofikika hivyo, suluhisho halimo kwenye lami. Ukingo wa bati ufungwe kwa skrubu katika kila papi, si msumari mmoja baada ya kuruka papi mbili. Darini, juu ya vyumba vya upande huo, pafungwe wavu wa nondo au wa waya mzito uliokamatwa na kenchi, kwa sababu dari la jipsamu hukatwa kwa kisu cha jikoni. Na taa ielekezwe kwenye pengo kati ya jabali na paa badala ya kuelekezwa getini peke yake.

Ukuta una unyevu, chumvi au rangi inayobanduka

Kwanza amua kama maji yanatoka ndani ya ukuta au hewani. Kata kipande cha nailoni chenye upana wa karatasi ya daftari, ukibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakionekana upande wa chumbani, tatizo ni mvuke wa kupikia, wa kufua au wa watu wengi kulala madirisha yakiwa yamefungwa, na dawa yake ni hewa. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, ukuta wenyewe umelowa.

Ukuta uliolowa una ramani yake. Unyevu unaoanzia sakafuni na kuishia chini ya mita moja, ukiacha unga mweupe wa chumvi, unatoka ardhini, na maana yake ni kwamba nailoni ya msingi, ile inayozuia maji ya ardhini yasipande ukutani, haikuwekwa, imetoboka, au udongo wa nje umerundikana hadi ukaipita. Hili la mwisho ni la kawaida sana kwenye miteremko, kwa kuwa kila mvua huleta mchanga mpya nyuma ya nyumba. Chimba udongo ushuke sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu kabla hujanunua hata kopo moja la rangi. Unyevu unaozunguka kona ya dirisha unatoka kwenye kingo ya nje isiyo na mwinamo. Doa la mviringo katikati ya ukuta, lisilojali kiangazi wala masika, ni bomba lililopasuka.

Nyumba zilizochongewa mlimani zina ukuta wa nyuma unaozuia udongo, na huo unahitaji vitundu vya kutolea maji chini yake. Wengi huviziba kwa saruji kwa sababu vinatoa tope. Maji yakikosa njia hujikusanya nyuma ya ukuta na kuusukuma kwa uzito ambao tofali hazikupangiwa, na dalili yake ni ukuta kutokeza tumbo. Ukiona tumbo hilo, usiegemeze miti na kuendelea kulala. Mwite mhandisi, na wakati wa mvua kubwa mtu asilale katika vyumba vya upande huo.

Majabali nayo yanakaguliwa. Tazama mstari ambapo jiwe linagusana na udongo: ukiona ufa mpya au rangi ya udongo mbichi uliokuwa umefunikwa, jiwe limecheza. Mara nyingi chanzo ni mtu aliyechimba chini yake kupata kiwanja, au aliyewasha moto juu ya jiwe ili lipasuke apate kokoto. Hapo hakuna ukarabati wa nyumbani. Familia ihame kwanza, kisha ofisi ya mtaa ijulishwe.

Ukuta umepata ufa

Nyufa nyembamba kama nywele zilizotawanyika kwenye lipu ni za kukauka kwa saruji, na hazihitaji zaidi ya rangi. Ufa wa kutilia maanani ni ule unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, ukiwa mpana upande mmoja kuliko mwingine. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili, andika tarehe pembeni, upime upana kila mwezi. Ufa unaopanuka wakati wa kiangazi na kujibana wakati wa masika, hasa maeneo ya tambarare yenye udongo mweusi wa mbuga, unatokana na udongo kunywea na kuvimba. Upungufu wa maji upande mmoja wa msingi na bomba linalovuja upande mwingine huuzidisha. Ufa unaoongezeka misimu yote, au uliofika milimita tano, ni wa mhandisi.

Mlango unagoma kufunga, au fremu inacheza

Hapa ndipo matatizo mawili yanapokutana waziwazi, na ndipo ninaposhauri mkaguzi atumie muda mwingi.

Mlango unaogoma wakati wa mvua na kulainika wakati wa jua ni ubao uliovimba. Piga randa kidogo, kisha upake rangi hata ukingo wa juu na wa chini, ambao mafundi wengi huuruka kwa sababu hauonekani. Mlango unaogoma misimu yote, ukikwangua sakafu upande wa kitasa, bawaba yake ya juu imelegea. Ukigoma juu huku kukiwa na ufa kwenye linta, yaani boriti iliyo juu ya mlango, rudi kwenye sehemu iliyotangulia.

Fremu inayocheza ukiisukuma kwa bega ina sababu mbili. Ya kwanza ni mchwa. Tafuta njia za udongo zenye unene wa penseli zikipanda kutoka sakafuni. Vunja kipande kifupi cha njia hiyo na urudi baada ya siku tatu. Ikiwa imejengwa upya, kundi liko hai. Gonga fremu kwa mpini wa bisibisi tangu chini hadi juu: ubao mzima hutoa mlio mkavu, ulioliwa hulia kama boksi tupu, na ncha ya bisibisi huzama ndani yake bila kutumia nguvu. Mbawa za kumbikumbi zikizagaa chini ya dirisha kwa ndani baada ya mvua za kwanza, na madirisha yalikuwa yamefungwa, kichuguu kiko chini ya nyumba au karibu mno. Oili chafu ambayo wengi hupaka husaidia uso wa ubao tu, haifiki kwenye kundi, na inaupa ubao kitu cha kushika moto. Dawa ya mchwa humiminwa ardhini kando ya msingi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, na anayeishi karibu na kisima au ufukweni amwachie mtaalamu, kwa sababu maji ya Ziwa Victoria ndiyo tunayokunywa.

Sababu ya pili ya fremu kucheza ni fundi. Toa kipande kidogo cha lipu pembeni mwa fremu utazame imeshikwa na nini. Nimekuta fremu za milango ya mbele, zenye kitasa cha bei kubwa, zikiwa zimeshikwa na misumari minne ya inchi tatu iliyogongwa kwenye kiungo cha tofali. Mlango wa namna hiyo hauvunjwi. Unang'olewa pamoja na fremu yake, na kitasa kinabaki kimefungwa salama. Fremu ya mbao ishikwe na vyuma vilivyozikwa kwenye zege, vitatu kila upande, na bati dogo la fremu linalopokea ulimi wa kitasa lifungwe kwa skrubu za milimita 75 zinazofika ukutani badala ya zile za milimita 20 zinazouzwa pamoja nalo. Badiliko hili ni la bei ya skrubu chache, na sijui jingine linaloongeza nguvu ya mlango kwa kiasi hicho.

Kitasa, kufuli au grili ina alama ngeni

Kitasa kilichotumika miaka mingi huwa na mikwaruzo iliyofifia kuzunguka tundu la ufunguo. Mikwaruzo inayong'aa, iliyonyooka, au iliyo ndani ya tundu lenyewe ni ya siku za karibuni. Mbonyeo kati ya mlango na fremu kwenye kimo cha kitasa umetokana na mtaimbo au bisibisi kubwa. Ufunguo ukianza kuwa mgumu ghafla, usikimbilie mafuta. Chungulia kwanza kama hakuna kijiti au ncha ya chuma iliyovunjikia ndani. Kama hakuna, unga wa penseli hufaa zaidi kuliko mafuta ya kula, ambayo hunasa vumbi na kukigandisha kitasa baada ya miezi michache.

Kwenye kufuli, tatizo ni nadra kuwa kufuli lenyewe. Tazama tumbuu (pete ya chuma inayopokea kufuli) na bati lake: kama vichwa vya skrubu vinaonekana nje mlango ukiwa umefungwa, anayekuja hahitaji ufunguo wala msumeno wa chuma. Bati hilo liwekwe hivi kwamba likifungwa lifunike skrubu zake, au lipitishiwe bolti yenye nati kwa ndani. Vivyo hivyo kwa mlango unaofungukia nje, ambao pini za bawaba hubaki upande wa mwizi. Chomelea ncha za pini.

Grili huanguka miguuni. Kutu huanzia pale chuma kinapoingia ukutani, kwa sababu maji ya mvua hutuama hapo na lipu huficha kinachoendelea. Shika grili kwa mikono miwili, uivute na kuisukuma. Unga mwekundu ukidondoka au lipu ikitoa mlio, kata sehemu iliyooza uchomelee mguu mpya unaoingia sentimita kumi ndani ya zege. Grili iliyoshikizwa kwenye fremu ya alumini, au iliyofungwa kwa skrubu kutoka nje, ni pambo. Madirisha ya kuteleza yakaguliwe zaidi: jaribu kuinua kioo kuelekea juu ukiwa nje, na kikitoka kwenye reli yake, ongeza skrubu mbili kwenye reli ya juu ili kisiwe na nafasi ya kuinuka. Kipande cha mti kilichokatwa kwa urefu wa reli na kulazwa ndani yake huzuia dirisha kuteleza hata komeo likivunjwa.

Vitu vinapotea, lakini hakuna palipovunjwa

Wavu wa mbu uliochanika kwa mstari mmoja mnyoofu, pazia lililovutwa upande, simu haipo: umevuliwa. Mji wa wavuvi haukosi ndoano, na mtu mwenye mti mrefu na ndoano mbili ncha yake huweza kutoa suruali iliyotundikwa mlangoni, mkoba, na hata kompyuta mpakato kwa waya wake, grili ikiwa nzima. Asubuhi husemwa kwamba ilipulizwa dawa ya usingizi. Sibishani na aliyeibiwa, lakini nyumba nilizozikagua baada ya madai hayo zilikuwa na dirisha wazi, feni inayounguruma na meza iliyo ndani ya mita mbili kutoka dirishani. Hamisha meza. Weka wavu wa chuma mahali pa wavu wa nailoni, na usitundike funguo za mlango karibu na dirisha, kwa sababu mti ule ule huzifikia.

Kisipokuwapo hata wavu uliochanika, swali ni nani mwingine ana ufunguo. Katika nyumba za kupangisha jibu huwa ni mpangaji aliyehama, fundi aliyepewa funguo wiki nzima ya kupaka rangi, au dalali. Watu huanza kumtuhumu dada wa kazi kabla hawajauliza swali hili, na hilo ni dhuluma. Kila mpangaji anapohama badilisha silinda ya kitasa, yaani sehemu inayoingia ufunguo. Huhitaji kubadilisha kitasa kizima.

Taa ya nje haiwaki, au kamera haionyeshi kitu

Angalia kwanza wadudu wa ziwa. Wanapotoka kwa makundi hujaza kifuniko cha taa hadi mwanga ukafifia, na buibui huwafuata, wakitanda utando mbele ya kamera ambao usiku hung'aa na kuficha picha yote. Futa, kisha tenganisha taa na kamera kwa mita mbili au zaidi, ili wadudu wavutwe mbali na lenzi. Taa inayojiwasha kwa kuhisi mwendo itawashwa na makundi hayo usiku kucha hadi wenyeji waizoee na waache kuangalia. Ipunguzie umbali wa kuhisi, au utumie taa ya kawaida inayowaka tangu magharibi hadi alfajiri. Balbu iliyozungushwa nusu ikaachwa kwenye kishikio chake haikujilegeza yenyewe. Ikaze, na usiku huo lala ukiwa macho kidogo.

Taa zinapepesa, soketi ina joto, breka inashuka

Uliza kwanza kama jirani naye anapepesewa. Ikiwa ni mtaa mzima, toa taarifa TANESCO, na wakati huo zima friji, kwa maana mota inayoshindwa kuanza kwa umeme hafifu hupata joto na kuungua ingawa imetengenezwa kwa volti 230. Ikiwa ni chumba kimoja, kiungo kimelegea kwenye swichi au soketi. Katika nyumba yenye fezi tatu, taa za upande mmoja zikiwaka kupita kiasi huku za upande mwingine zikififia, waya wa nyutro umeachia: zima meni swichi papo hapo, kabla televisheni na friji hazijaungua. Soketi yenye joto au harufu ya plastiki haitumiki tena hadi ifunguliwe na fundi mwenye leseni, na breka inayoshuka kila mara haibadilishwi kwa kubwa zaidi, kwani waya ulio ukutani utabaki ule ule mdogo.

Ukanda wa Ziwa Victoria hupigwa sana na radi, na kinga yoyote ya radi hutegemea ethi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini. Kwenye mwamba, nondo ya ethi haishuki. Nimeona iliyokatwa nusu na kufukiwa kwa kulazwa chini ya zulia la mchanga. Fundi achimbe mtaro mrefu penye udongo, azike waya wa shaba au nondo zaidi ya moja, na apime kwa kifaa, si kwa kukisia. Kisha kagua waya huo kila mwezi, kwa kuwa shaba ina mnunuzi. Ukikuta umekatwa, umeibiwa na pia umeachwa bila kinga, na lile la pili ndilo la kushughulikia kwanza. Moto ukitokea, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Bili ya maji imepanda

Funga koki zote jioni, andika tarakimu za mita, usome tena alfajiri. Zikisogea, funga koki kuu iliyo baada ya mita na usubiri saa moja. Zikiendelea kusogea, tatizo ni mita au kiungo chake, nalo ni la mamlaka ya maji, MWAUWASA. Zikisimama, uvujaji uko kwako. Anza na choo: tia rangi ya chakula kwenye tangi lake, na ikionekana chini baada ya nusu saa bila mtu kuvuta maji, raba imechoka. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde humwaga takriban ndoo ya lita 20 kwa siku. Tangi la juu nalo likaguliwe usiku, wakati presha ni kubwa, kama boya lake linafunga. Na mnara wa chuma chini yake upigwe brashi na rangi, kwa sababu lita 1,000 ni tani nzima juu ya vichwa vyenu.

Choo kinarudisha maji, uwanja umelowa bila mvua

Karibu na ufukwe, hii ni dalili kwamba maji ya chini ya ardhi yamepanda pamoja na ziwa, kama ilivyokuwa mwaka 2020 na tena mwaka 2024. Kunyonya shimo kunasaidia siku chache tu, kisha linajaa kutoka chini. Nyumba ikiwa ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, eneo ambalo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, usitumie fedha kuinua sakafu. Kwa walio Mabatini na kando ya Mto Mirongo chanzo huwa mfereji ulioziba kwa taka, na safari ya kwanza ni kuutembelea mfereji huo kabla ya kumwita fundi bomba.

Umevunjiwa tayari

Toka nje, usiguse mlango wala droo, upige 112. Hata ukiona jambo ni dogo, nenda kituoni upate namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye daftari la polisi, maana bila hiyo simu iliyokamatwa kwa mtu mwingine ni neno lako dhidi ya lake. Orodha ya namba za vifaa iandaliwe mapema. Ya simu hupatikana kwa kubonyeza *#06#. Mjulishe pia mwenyekiti wa mtaa na walinzi wa sungusungu, utaratibu uliozaliwa huku Usukuma miaka ya 1980 na kutambuliwa na sheria mwaka 1989. Akikamatwa mtu, akabidhiwe polisi akiwa mzima.

Kabla ya giza kuingia, tafuta njia aliyotumia, si ile uliyoidhania. Mlango uliokutwa wazi huenda alitokea tu, akiwa ameingilia juu ya stoo. Funga njia hiyo siku hiyo hiyo hata kwa mbao za muda, kwa sababu aliyeona televisheni asiyoweza kuibeba peke yake anajua bado ipo. Na kama kishada cha funguo kimechukuliwa, badilisha silinda za milango yote iliyokuwamo humo, pamoja na kufuli la geti na lile la mlango wa mita.